Neno la Langoni

Jumapili, 2 Machi

Jana jioni kumbikumbi walijaa kwenye taa ya veranda. Mvua haiko mbali.

Baada ya ibada alikuja Mutisya, mwana wa marehemu Nzau, aliyekuwa dereva na jirani yangu hapa Mbotela, Nairobi. Nilimfundisha Kiswahili akiwa na magoti yenye vidonda; sasa ni karani katika ghala moja, na wikendi anaongoza kikundi cha waigizaji. Anataka kuigiza *Binti Langoni*. Nilidhani anatania. Mchezo ule ulitiwa katika beti za Kiswahili kabla mimi sijaingia chuo cha ualimu, na mara ya mwisho nilipouona ukichezwa, watazamaji walivaa tai na kila mmoja alikuwa ameusoma kwanza.

"Mwalimu, mimi nataka mama wa sokoni auangalie na arudi nyumbani akiwa ameuelewa," alisema. "Na nataka hata mtu asiyejua kusoma aweze kuuigiza."

"Na lugha yake? Beti zile zinawashinda hata walimu."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Nilimwambia nitafikiri. Uongo, nilikuwa nimekwisha kukubali kabla hajamaliza chai. Tangu tufukuzwe kule kwetu chini ya mlima, nyumba zilipochomwa, nimefundisha watoto wa watu miaka mingi katika mitaa hii, lakini hakuna aliyewahi kuja mlangoni kwangu akitaka beti.

Jumamosi, 8 Machi

Mazoezi ya kwanza, katika ukumbi wa mtaa. Niliwaeleza kisa kwa maneno ya kawaida. Mfalme mzee alifukuzwa mjini kwake. Baada ya miaka mingi anarudi akiwa ombaomba, na hakuna anayemtambua. Sheria ya mji inasema lango halifunguliwi kwa mgeni mpaka mtu wa ndani amwite kwa jina la ukoo, kwa sauti, mara tatu. Binti yake yuko ndani. Amekatazwa kuita, akiita atafukuzwa yeye. Mwishowe anaita. Anaita "Baba" mara tatu, lango linafunguliwa, na mzee amekwisha kufa kizingitini.

"Kwa hivyo play yote ni neno moja," alisema Kinyanjui, ambaye ndiye mcheshi wa kikundi.

Nilitaka kumkemea, kisha nikaona amesema kweli.

Mfalme ni Ndete, mchonga vinyago, mtu mkubwa mpole. Aliniita pembeni akaniambia kwamba hajui kusoma vizuri, na nisiwaambie wengine. Binti bado hajapatikana. Kavata, karani mwenzake Mutisya, anasoma vizuri sana, kama mtangazaji wa habari.

Jumapili, 9 Machi

Mvua ya kwanza. Imenyesha kidogo tu, kisha vumbi likarudi.

Jumatano, 12 Machi

Mutisya amemleta mwanamke wa kutoka kwetu. Nekesa, anauza nyanya Kariobangi, kwao ni Bungoma. Aliposikia jina langu, Wekulo, aliniamkia kwa Lubukusu, lugha yetu, na kuniita *kuka*, yaani babu. Sikuwa nimeitwa hivyo tangu mke wangu azikwe na wajukuu zangu waende mbali. Nilimjibu kwa Kiswahili. Kilikuja chenyewe.

Alisimama mbele ya benchi, mikono bado ina rangi ya nyanya, akasema ubeti niliomtajia kwa sauti, mstari kwa mstari:

*Baba uliye njiani, sauti yangu pokea;*
*lango limo mikononi, ni jina linangojea.*

Sijui niiandike vipi sauti ile. Haikuwa kubwa. Ndete aliacha kutafuna. Fundi wa umeme aliyekuwa juu ya ngazi akirekebisha balbu aligeuka.

Lakini hakusema "Baba". Alisema "Papa".

"Papa gani, wa Roma ama wa kukaanga?" aliuliza Kinyanjui, na ukumbi wote ukapasuka kwa kicheko. Nekesa naye alicheka, akajifunika uso kwa leso. Aliposhusha leso hakuwa akicheka.

Ni kosa la watu wetu. Kwetu b inageuka p, d inageuka t. Bibi anakuwa pipi. Wachekeshaji wa redio na televisheni wamelipika kosa hili hata Mluhya kama sisi akifungua kinywa kwenye jukwaa watu wameshaanza kutabasamu. Haijalishi analia au anaomba.

Jumamosi, 15 Machi

Mutisya amemchagua Nekesa. Lakini aliniambia wazi: "Mwalimu, siku ya show watu wakicheka pale langoni, hiyo play imekufa. Nampa mpaka mwisho wa mwezi. Asipoweza, Kavata ataingia."

Nekesa alikuwa amesimama karibu, akasikia. "Kuka, nitaweza," alisema. "Papa ni mgonjwa, lakini amesema akipata nguvu atapanda gari aje kuniona. Hajawahi kuniona nikifanya kitu ambacho watu wamekaa chini kunyamaza wakiniangalia. Nyanya hazinyamaziwi."

Jumatatu, 17 Machi

Mvua.

Jumanne, 18 Machi

Tumepata njia. Ndete hasomi, Nekesa hana saa ya kukaa na karatasi. Kwa hiyo nitasoma beti zote kwenye simu, kipande kwa kipande, na kuwatumia ujumbe wa sauti. Wao watasikiliza wakiwa kazini, Ndete akichonga, Nekesa akipanga mafungu. Kinyanjui ndiye aliyenionyesha pa kubonyeza. "Ukitoa kidole imeenda, mzee. Hapo hakuna kufuta na ufutio." Nimekaa jikoni siku nzima nikisoma. Nilipojisikiliza nilishangaa. Ilikuwa sauti ya mtu wa pwani aliyelelewa na kamusi. Hakuna mlima hata kidogo ndani yake.

Alhamisi, 20 Machi

Nimegombana na Mutisya. Anataka kabla ya kila sehemu ya mchezo Kinyanjui atoke mbele aeleze kinachokuja, kwa Sheng, lugha ya vijana wa mitaani. Nilimwambia huko ni kumpa mtu ndizi iliyokwisha kutafunwa.

"Mwalimu, mtu akipotea dakika kumi za kwanza, anatoa simu. Akitoa simu tumempoteza."

"Basi ajifunze."

"Ajifunze saa ngapi? Ametoka Industrial Area amesimama tangu asubuhi."

Nilikasirika. Kinyanjui alijaribu maelezo yake papo hapo, ili kuniudhi nadhani: "Sasa wasee, huyu buda alikuwa mfalme, wakamtoa kwa nyumba yake mwenyewe. Amerudi na hana hata ID. Mlinzi anamuuliza, we ni nani? Na nani anakujua hapa?" Ndete, ambaye amekuwa akimcheza mzee huyo kwa majuma mawili sasa, aliinua kichwa na kusema, "Aa. Kumbe." Nilikwenda nyumbani.

Jumamosi, 22 Machi

Zoezi la karatasi. Chuoni tulifundishwa hivi: shika ukanda mwembamba wa gazeti mbele ya midomo. Ukisema *pa*, karatasi inaruka. Ukisema *ba*, inakaa. Kisha weka kidole kooni: *ba* inatetemesha, *pa* haitetemeshi. Nekesa alikaa mbele yangu, ukanda puani, akasema neno lile mpaka akasinzia. Karatasi iliruka, ikaruka, ikaruka.

"Kuka, wewe ulifanyaje?"

Nilimwambia nilipoletwa kufundisha huku, watoto wa darasa la kwanza nililopewa walicheka kila nilipofungua kitabu. Nikajifunza mbele ya kioo. Hakuna zaidi ya hapo.

"Na ukiwa na hasira?"

"Hata nikiwa na hasira."

"Na ukiota?"

Nilimrudishia ukanda. Hilo silijui.

Jumatano, 26 Machi

Mvua tangu alfajiri. Bati la ukumbi linapiga kelele hata mtu hasikii jirani yake. Nekesa alikuja na vidude vya kusikilizia masikioni, sauti yangu ndani yake. Anasema anasikiliza kuanzia anapofungua kibanda mpaka anapofunga. Wateja wanadhani ni mahubiri.

Jumapili, 30 Machi

Karatasi haikuruka!

Alisema neno lile mara moja, likatoka safi, akasimama na kuangalia ukanda kama mtu anayengoja nyoka atikisike. Akasema tena. Haikuruka. Ndete alipiga makofi kwa viganja vyake vya mbao. Hata Kavata, aliyekuwa na kila sababu ya kutofurahi, alimkumbatia. Kinyanjui alisema, "Papa ameenda Roma, Baba amekuja nyumbani."

Nimefurahi siku nzima. Nimenunua kilo moja ya nyama.

Alhamisi, 3 Aprili

Nguo hazikauki. Kifua.

Jumamosi, 5 Aprili

Onyesho la kwanza, Mbotela. Naandika nikiwa bado na viatu.

Watu walikuja, na si wa kutuonea huruma tu. Mutisya aliweka mabenchi ya mbele kwa wazee na kwa mama wenye watoto wachanga, akawaambia mtoto akilia alie, mchezo hautavunjika. Ndete aliingia kama ombaomba kwa mlango wa nyuma, kupitia katikati ya watu, na mama mmoja akasogeza mkoba wake. Kinyanjui alipotoka kueleza nilikunja uso kwa mazoea. Lakini nilikuwa nikiwatazama watu. Alipouliza "Nani anakujua hapa?" bibi mmoja wa safu ya pili, mtu wa kwetu kwa uso wake, alijibu kwa sauti ndogo, "Hakuna." Si kwamba alikuwa akimjibu Kinyanjui.

Nadhani nilikosea kuhusu ndizi.

Mvua ilianza katikati, ikatulia karibu na mwisho, kana kwamba nayo imeketi. Nekesa alikuja langoni, yaani mbele ya mbao mbili zilizopakwa rangi ya mawe. Midomo yake ilikutana. *Baba.* Hakuna aliyecheka. Mara ya pili. Mara ya tatu sauti ilishuka mpaka ikawa kama mtu anayesema na mto wake, na ukumbi ule, ambamo huwa wanagombania maji na uwakilishi wa mtaa, ulinyamaza wote.

Mama muuza mboga alinishika mkono mlangoni. "Mwalimu, nilidhani mambo ya wafalme ni ya watu wa vitabu. Kumbe ni sisi tu."

Nekesa alimpigia baba yake simu akiwa bado na vazi la mchezo. Nilimsikia akicheka kwa Lubukusu. Mzee amesema atakuja onyesho letu linalofuata, la mtaa wa Dandora, mwezi wa tano. Ameanza kula.

Jumapili, 6 Aprili

Nimepumzika. Mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Baba yake Nekesa amefariki. Mutisya amenipigia asubuhi. Mzee alikuwa ametembea mpaka kwenye mgomba nyuma ya nyumba, akaketi, hakuinuka. Nekesa ameondoka na gari la kwanza. Hakumuaga mtu.

Nilitaka kumtumia ujumbe. Nilibonyeza, nikashindwa kusema, nikatoa kidole. Kwa hiyo amepata kutoka kwangu ukimya wa sekunde kadhaa.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Leo wanazika. Mutisya na Ndete wamekwenda kwa niaba ya kikundi. Mimi kifua hakinipi ruhusa. Na hata kama kingenipa, barabara ya kwenda kwao Nekesa inapita karibu na shamba tulilofukuzwa. Pale pale amelala baba yangu, chini ya mahindi ya watu wengine. Sijapita huko tangu tuondoke.

Jumatatu, 14 Aprili

Ndete amerudi. Nilimuuliza mazishi yalikuwaje. Alisema yalikuwa makubwa, kisha akasema, "Mwalimu, Nekesa alilia vibaya."

"Kila mtu hulia vibaya."

"Hapana. Atakwambia mwenyewe."

Jumamosi, 19 Aprili

Amekuja. Nitajaribu kuandika kama alivyosema.

Alikuja nyumbani kwangu, si ukumbini. Amenyolewa kwa ajili ya msiba. Nilimpa kiti, nikatia maji motoni. Nilimpa pole kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Lubukusu, na Lubukusu changu kilitoka kimekauka kama mkate wa juzi. Aliitikia vyote viwili. Halafu akasema:

"Mwalimu, nilikosea."

"Wapi?"

"Kaburini. Walipoanza kushusha sanduku, mimi ndiye wa kwanza wa watoto, nikasogea. Ndugu zangu wote wanaita *papa, papa*. Nami nikafungua mdomo, nikaita *Baba*."

Niliweka vikombe mezani.

"*Baba*," alisema tena, na lilikuwa safi kabisa, kama nilivyomfundisha, b zote mbili. "Kwa sauti, vile nafanya langoni. Kelele zilikatika. Shangazi yangu Ayuma akaniangalia. Akauliza kwa lugha yetu, watu wote wakasikia: 'Huyu ni nani analia kama redio?' Mtu mmoja akacheka. Kwa mazishi, Mwalimu. Mtu akacheka."

Maji yalichemka nikayaacha.

"Nikajaribu kurudia, niseme vizuri. Nikatulia, nikasema ndani ya kichwa kwanza, ndiyo nikatoa. Ikatoka *papa*. Lakini ilitoka kama nimeambiwa niseme. Kama kiatu cha mtu mwingine. Sikulia tena mpaka tukamaliza. Mama anadhani Nairobi imenikausha."

Nilimwambia ni huzuni tu, mtu akiwa katika huzuni hajui anasema nini. Alitikisa kichwa.

"Hapo ndipo mtu anajua." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Si makosa yako. Mimi ndiye nilitaka. Nilisikiliza sauti yako kutoka asubuhi mpaka jioni. Sasa nikimfikiria mzee wangu, nikimwona amekaa pale kwa mgomba, ananijibu na sauti yako."

Tulikunywa chai. Alipoondoka alinishukuru kwa chai. Tangu aingie hakuniita kuka hata mara moja.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Sikwenda kanisani.

Kwa lugha yetu *papa* ndiyo baba. Nalijua hilo tangu kuzaliwa, kama ninavyojua mkono wangu. Ukumbi ulipocheka, na mimi nikaandika humu "ni kosa la watu wetu", hata sikusita. Nekesa hakuwa amekosea herufi. Alikuwa amemwita baba yake.

Jumanne, 22 Aprili

Nimewaomba Mutisya na wengine tukae. Nimewaeleza, kwa ruhusa ya Nekesa, naye alikuwapo akitazama sakafu. Nikasema katika onyesho la Dandora binti aite kwa neno lake. Mutisya alikuna kichwa.

"Watacheka, Mwalimu. Wewe mwenyewe ulisema."

"Nilisema."

Ndipo Kinyanjui, ambaye sikumtarajia, alisema: "Si nina kazi pale mbele? Mi nitawaambia kabla. Nitawashow, wasee, huyu msichana kwao baba anaitwa papa. Si samaki, si wa Roma. Ni mzee wake. Ukisikia papa, jua ni baba. Mtu akicheka, namtoa nje na mvua yake." Kisha akamgeukia Nekesa. "Na ile ya siku ya kwanza... manze, nisamehe. Nilikuwa nacheza tu."

"Najua," alisema Nekesa.

Nimemdharau kijana huyu mwezi mzima kwa sababu ya Sheng yake. Mlango ninaojaribu kuufungua kwa beti, yeye anaufungua kwa kusimama tu mbele ya watu na kusema nao.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Kwa Nekesa banda limevuja, nyanya zimeoza.

Jumamosi, 26 Aprili

Mazoezi. Nilichukua ukanda wa gazeti, nikaurarua. Nilimwambia aseme neno lake, asifikiri. Alisema *papa*. Lilikuwa sahihi, na lilikuwa la mwanafunzi. Tukajaribu tena. Kila mara nilimwona akilitafuta kabla ya kulisema, kama mtu anayepapasa swichi katika chumba ambacho si chake. Likija bila kutafutwa, linakuja *Baba*.

Nikamwambia aache kusikiliza sauti zangu.

"Nilifuta zote siku ile ya mazishi," alisema. "Haisaidii. Haziko kwa simu."

Jumatatu, 28 Aprili

Mutisya ameniuliza faraghani kama Kavata aingie. Nilisema hapana, kwa ukali ambao umenishangaza. Nekesa amesema anataka Dandora. Mzee wake alikuwa ameahidi kuja Dandora. Anataka kumwita pale, mara moja, kwa jina lake, watu wakiwa wamenyamaza. Baada ya hapo atarudi Bungoma kukaa na mama yake. Hilo tu ndilo anataka, na kaburini hakulipata.

Alhamisi, 1 Mei

Mto umejaa, barabara ya chini haipitiki. Mutisya anasema hata kwa mashua tutaenda.

Nimekaa nikijaribu mimi mwenyewe, mlango umefungwa. Nilitaka nimtumie neno lile moja kwa sauti ya mzee wa kwao, labda limsaidie. Nilisema mara nyingi. Kila mara nilisikia mwalimu akitoa mfano ubaoni. Sikutuma.

Jumamosi, 3 Mei

Dandora. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Vijana wa muziki wa pale walituazima spika zao, na mmoja wao, baada ya kusikia beti za Ndete kwenye mazoezi, aliniuliza nani aliandika hizo "mistari", kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwa mkaguzi wa elimu. Wasichana wawili viziwi walikuja na rafiki yao wa kuwatafsiria kwa ishara, na Mutisya akawaketisha mbele penye mwanga. Harufu ya jaa la taka lililo jirani ilikuwa nzito kwa sababu ya unyevu. Baada ya muda hatukuisikia tena.

Kabla ya sehemu ya mwisho, ile ya langoni, Kinyanjui alitoka. Hakutania. Alisema kama alivyoahidi, na akaongeza: "Kila mtu hapa ana vile anaita mzee wake. Mwingine ni *fathe*, mwingine ni *baba*, mwingine *awa*, mwingine *papa*. Mwite kichwani mwako sasa hivi, vile unamwitanga." Akangoja. Ukumbi mzima ulikuwa ukiita kimyakimya. Nilimwona mlinzi wa mlangoni akisogeza midomo.

Kila kitu kilikuwa tayari. Sijawahi kuona watu waliotayarishwa hivyo kwa neno moja.

Nekesa alikuja mbele ya mbao zile. Ndete alikuwa amelala upande wa pili, uso chini. Mara ya kwanza aliita *Baba*, kama tulivyopatana, kwa sauti ya binti wa mfalme. Mara ya pili, *Baba*. Ya tatu ndiyo ilikuwa yake.

Nilikuwa nimeketi pembeni ya jukwaa, karibu. Nimefundisha midomo ya watu maisha yangu yote. Niliona yake ikikutana, ikibana, ikikusanya pumzi kwa neno lile jingine. Shingo ilikuwa imetulia, kooni hapakutetemeka. Alikuwa nalo. Alikaa nalo hapo, sijui muda gani, na hakuna hata mtoto aliyelia.

Likatoka *Baba*.

Lilikuwa safi, b zote mbili. Uso wake ulishtuka, kama mtu aliyeshika mkono wa mtu gizani akakuta si wa yule aliyemdhania. Watu waliona mshtuko ule wakadhani ni uigizaji. Wakaanza kulia. Mlinzi alilia, mama mmoja akajifunika kanga, msichana mmoja kati ya wale viziwi akaweka kiganja kifuani akakiacha hapo. Lango likafunguliwa. Nekesa akapiga magoti kando ya Ndete kama mchezo unavyotaka, na hakuinuka mpaka Mutisya alipokuja kumshika bega.

Walipiga makofi wakiwa wamesimama. Walipiga mpaka mvua ikaanza na hatukuisikia.

Nikiwa mlangoni nilisikia wanawake wawili wakitoka, wakifungua mwavuli.

"Si yule kijana alituambia atasema papa?"

"Ndiyo, na unaona hata hakukosea? Msichana amesoma huyo."

Jumapili, 4 Mei

Mutisya anasema wamealikwa kumbi tatu nyingine. Anasema jana ndiyo kazi bora aliyowahi kuifanya. Nilimwambia ni kweli. Kavata ataingia, kwa sababu Nekesa anaondoka leo.

Alipita asubuhi, begi moja na gunia la sufuria, Kinyanjui akimbebea. Nilimsindikiza hadi barabara ya Jogoo. Mvua ilikuwa nyembamba. Tulisimama chini ya paa la duka ambalo halijafunguliwa, Kinyanjui akaenda mbele kuulizia gari.

"Mwalimu," alisema, bila kuniangalia. "Jana. Uliona?"

"Niliona."

"Mdomo ulikuwa umefika."

"Ulikuwa umefika. Niliona kwa macho yangu."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama aliyekuwa akihitaji shahidi na sasa amempata. Kinyanjui alipiga mluzi. Nekesa akainua gunia, akaenda.